Matanga ya Panga za Paulin

Ukitaka kuficha kitu Mabanga, hapa Goma, usifikirie kuchimba. Chini yetu ni mwamba wa volkeno, mweusi na mgumu, na jembe likiugusa linalia mpaka mtaa wa pili. Ukichukua nyundo na patasi ndiyo mbaya zaidi. Kabla hujapata shimo la kuingiza sufuria, vijana wako langoni wanauliza kama unachimba choo na kama unahitaji wavunja mawe. Mimi ninauza hizo nyundo na hizo patasi dukani kwangu, kwa hiyo nilijua. Asubuhi ile sikuchimba. Nilizifunga panga za mume wangu ndani ya shuka jeupe, nikazilaza uani nyuma ya jiko, nikaanza kupanga mawe juu yake.

Hazikuwa panga za kukatia majani ya ng'ombe. Zilikuwa panga za maofisa wa Kibelgiji wa wakati wa koloni, ndefu, nyembamba, zenye kinga ya shaba ya kufunika vidole na ala za chuma. Mume wangu, Paulin, ni mwalimu wa historia. Wanaume wengine wana pombe, wengine wana mpira. Yeye alikuwa na hizo panga saba chini ya kitanda chetu, na kila nilipofagia nilizigonga na ufagio.

Alikuwa na namna yake ya kuzitafuta. Akifika kwa mtu haulizi upanga. Anaomba maji ya kunywa, anauliza habari za mihogo, anasifia watoto, na wakati huo wote macho yake yanazunguka juu ya mlango na chini ya paa. Mmoja aliukuta Masisi, watu wanaugeuzia makaa. Mwingine ulikuwa kwa mjane wa Rutshuru, ndio komeo la banda lake la mbuzi. Paulin akamnunulia komeo jipya kutoka dukani kwangu, akaona amefanya biashara kubwa. Safari hizo hakumwambia mtu isipokuwa mimi. Aliogopa wanunuzi wengine wasije wakamtangulia, kama kwamba kuna mtu mwingine Kivu nzima mwenye haja na vitu hivyo.

Niliwahi kumwuliza faida yake ni nini.

"Babu yangu alichapwa fimbo mbele ya mutu aliyevaa moja ya hizi," alisema. "Ninataka ikae kwangu, imenyamaza."

"Babu yako angependa shamba," nikamwambia.

Alicheka. Aliendelea kuupaka upanga uliokuwa magotini mwake mafuta ya cherehani kwa kitambaa, taratibu, kama anavyopakwa mtoto aliyetoka kuoga.

Mwezi wa kwanza mwaka ule alisikia kuna upanga wa nane Kiwanja, karibu na Rutshuru. Nilimwambia njia si nzuri. Akasema wafanyabiashara wa maharage wanapita kila siku, kwa nini yeye asipite, na Jumapili angekuwa amerudi. Jumapili haikumleta. Ilileta milio ya mizinga kutoka upande wa Sake, halafu vita vikaingia mjini kwenyewe. Nililala kwenye korido na godoro mlangoni. Binti yetu Charline, namshukuru Mungu, alikuwa shuleni Butembo. Risasi ziliponyamaza nilitoka nje, nikakuta barabara imejaa sare na buti ambazo askari wa serikali walivua wakikimbia. Mtandao ulikuwa umekatika. Umeme na maji pia. Mji ulikuwa na wenyewe wapya, ndio waasi, na Paulin nilikuwa sijui yuko wapi.

Kisha gari la kipaza sauti likapita. Kila mwenye bunduki, sare, au chombo chochote cha kijeshi akipeleke uwanjani. Baadaye nyumba zitapekuliwa, na atakayekutwa na chombo cha kijeshi atahesabiwa kuwa askari aliyejificha.

Sasa niambie, upanga wa ofisa aliyekufa kabla babu hajaoa, ni chombo cha kijeshi au si chombo cha kijeshi? Nilikwenda kumwuliza Zihindula, mkuu wetu wa nyumba kumi. Ni mtu mwema, lakini ukimpa swali lolote anakurudishia mawili.

"Iko na makali?" aliniuliza.

"Kidogo."

"Inapiga risasi?"

"Papa Zihindula, ni upanga."

Alikuna kidevu. "Ukiipeleka, watauliza mulipata wapi, na bwana yako iko wapi. Utajibu nini?"

"Kwamba sijui."

"Unaona. Nyumba iko na silaha, bwana hayuko. Watasema alikuwa ofisa, amekimbia. Siku anarudi, wanamungoja langoni." Akafikiri. "Lakini usipoipeleka, wakiikuta, ni vilevile."

"Basi nifanye nini?"

"Hata mimi sijui, mama. Mimi hujaniambia kitu. Mimi nilikuwa ninakuona unapita tu."

Kwa hiyo nilirudi nyumbani nikiwa na jambo moja tu lililo wazi: panga zile zikikutwa, Paulin akirudi wanamchukua, na wanaochukuliwa siku zile hatukujua wanapelekwa wapi. Ziwani singeweza kuzitupa, maana mji mzima ulikuwa huko na madumu ukichota maji, na singepita barabarani na mzigo wa urefu ule. Ndiyo maana nilitumia mawe. Uani kwetu mawe hayakosekani. Nilizilaza panga kwa mstari, mbili mbili, miguu ya hizi ikigusa vichwa vya zile, ili rundo lisipande juu sana. Nilijiona nina akili.

Jirani yangu Béata alinikuta ninamalizia. Béata ni mama wa Rutshuru. Alikimbilia kambi ya wakimbizi ya Lac Vert, akakaa humo chini ya turubai mpaka mabomu yalipoanguka kambini, ndipo akapanga chumba ng'ambo ya ukuta wetu. Alisimama akaangalia rundo, akaangalia ncha ya shuka jeupe iliyochungulia, akaniangalia mimi nilivyojaa vumbi mpaka kwenye nyusi.

"Peke yako?" aliuliza.

"Peke yangu. Nani angenisaidia?"

"Ungeniita."

Alichukua jiwe mkononi mwangu, akaliweka upande wa juu. "Makubwa yaweke huku," alisema. "Mbwa zinaanzia huku."

Nilishangaa mbwa wanataka nini na chuma, lakini nilikuwa nimechoka. Nilimshukuru, nikamwomba asimwambie mtu.

"Haya mambo hayafichwi, Mama Charline," alisema kwa upole. Akaondoka.

Nilipotoka kuoga, matawi ya migomba yalikuwa yamesimamishwa kwenye lango langu. Mtu yeyote wa Goma anajua maana yake: hapa kuna msiba. Wanawake walikuwa wanaingia mmoja mmoja, vitenge vimefungwa kiunoni, huyu na unga, huyu na makaa, huyu na kuni. Walinikumbatia. Mmoja alinivua viatu, mwingine alinikalisha kwenye mkeka. Nilidhani mtu amekufa kwa Béata na wamekosea lango. Kisha nikaona wote wanageuka kuelekea rundo langu la mawe, wanafanya ishara ya msalaba, na nikaliona kama walivyoliona wao: refu kama mtu mzima, shuka jeupe, mawe makubwa kichwani. Siku zile watu wengi walizika uani. Nani angepita na jeneza kwenye risasi?

Nilifungua mdomo. Kama ningesema hapa hakuna mtu, wangeuliza kuna nini. Nikaufunga.

Zihindula alikuja na kofia mkononi. "Pole, mama. Nilikuwa najua iko kitu ulitaka kuniambia siku ile." Aliinama karibu na sikio langu. "Nimeshaarifu wakubwa kwamba mwalimu Paulin amekufa. Nimesema nyumba iko na matanga."

"Papa Zihindula..."

"Usinishukuru."

Wanawake wakaanza kuimba. Sasa jambo hili sijui nilieleze vipi. Mimi nilijua chini ya mawe kuna vyuma. Lakini Paulin alikuwa wapi? Barabara ya Rutshuru ilikuwa na maiti, kila mtu alisema hivyo. Walipotaja jina lake kwenye wimbo, nikalia mpaka nikashikwa na kwikwi. Béata alinishika mgongo. Nilikuwa ninawadanganya, na machozi yalikuwa ya kweli, na nilipojaribu kutenganisha hayo mawili nilishindwa, nikaendelea kulia.

Kesho yake mdogo wake Paulin, Kasereka, akaingia uani bila kubisha. Alikuwa ametembea kutoka upande wa pili wa mji. Hakuketi.

"Shemeji, ndugu yangu anazikwa kama kuku? Hakuna hata mutu mumoja wa ukoo aliona uso wake?"

Alikuwa na haki. Kwetu Butembo, mtu hafunikwi kabla mmoja wa damu yake hajamwona, hata kwenye vita watu wanangoja. Wazee waliokuwa wamekaa kwenye viti walitikisa vichwa. Kasereka alikunja mikono ya shati, akaenda kwenye rundo, akainua jiwe la kwanza.

Nilimshika mkono nikamvuta mpaka jikoni, nikasukuma mlango.

"Hakuna Paulin pale. Ni panga zake."

Aliniangalia kama mtu anayetazama mgonjwa. "Paulin ni muzima?"

"Sijui."

"Amekufa?"

"Sijui, Kasereka. Alikwenda Kiwanja. Hajarudi."

"Sasa watu wote hawa wanalilia nini?"

"Wao wanamlilia Paulin."

"Na wewe?"

Kasereka alikaa juu ya gunia la makaa bila kujali suruali yake safi. "Panga," alisema. "Zile za chini ya kitanda." Alitaka kucheka, halafu alitaka kunipiga, nikaona yote mawili yakipita usoni mwake. "Nimetembea na njaa katikati ya maaskari kuja kuona panga."

"Ukilifungua rundo, wakija kupekua watazikuta. Na kama ndugu yako yuko hai, akifika tu wanamchukua. Unataka nini?"

"Nilitaka kuzika ndugu yangu," akasema.

Alitoka, akakaa na wanaume, uso umekauka. Nilimsikia mzee mmoja akinong'ona, "Ameshaelezwa alivyokufa. Pengine hauko uso wa kuonyesha." Wakampa kiti kizuri zaidi.

Paulin alirudi siku ya kumaliza matanga. Aliingia kwa upenyo wa nyuma, midomo imepasuka kwa jua, mikono mitupu. Alikuwa ameona matawi ya migomba langoni. "Mama Charline amekufa?" alimwuliza mtu wa kwanza aliyemwona, na mtu huyo alikuwa Béata, ameshika sinia la ugali. Sinia lilianguka. Wanawake walikimbilia ukutani. Mmoja alianza kusali Salamu Maria kwa kasi.

Mimi sikukimbia. Nilikwenda nikamgusa kifua, nikaona ni cha moto na kinanuka jasho, nikampiga kofi la bega kwa nguvu zangu zote. Ndiyo furaha niliyoweza. Kwa sababu wakati uleule tulisikia malango yakigongwa kwa vitako vya bunduki, nyumba ya pili kutoka kwetu. Wapekuzi walikuwa wamefika mtaani.

Béata alisogea mbele. Hakumtazama Paulin, alinitazama mimi. "Nani iko mule ndani?"

Hapakuwa na muda wa kuzunguka. "Hakuna mtu. Ni panga za wazungu, za zamani. Paulin anazikusanya. Wakizikuta watasema yeye ni askari."

Kasereka aliangalia viatu vyake.

"Nimelia hizi siku zote juu ya chuma," Béata alisema.

"Ndiyo."

"Na ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

Lango la jirani likafungwa. Tulisikia buti kwenye changarawe. Béata alikaza kitenge chake, akamshika Paulin kichwa kwa viganja viwili, akamkalisha kwenye mkeka kama anavyokalishwa mtoto mtukutu. "Kaa hapa. Wewe ni ndugu ya marehemu. Na ulie." Kisha akaanza wimbo. Sauti yake ilikuwa na hasira, lakini wimbo ni wimbo. Wengine walirudi kutoka ukutani wakaketi, wakaitikia.

Paulin aliniinamia. Hakuuliza nilikula nini, nililala wapi.

"Ziko mule?"

"Ziko."

"Umezifunga na nini?"

"Shuka."

"Ulipaka mafuta kwanza?"

"Ya mawese. Ya cherehani yalikwisha."

"Mawese," alisema. "Na ala zake ndani yake? Zimefungwa pamoja?"

"Paulin, watu wako langoni."

"Mawese yanakula chuma, wewe mwanamke. Yanakula mpaka maandishi yaliyochongwa juu yake." Na mume wangu, ambaye sikumwona akilia hata alipomzika mama yake, akashika uso kwa mikono yake akalia kwa sauti.

Ndivyo ofisa alivyomkuta. Alikuwa kijana, mwenye adabu, amechoka. Alifuatana na askari wawili, na Zihindula mbele kama mwenyeji. Zihindula alimwona Paulin. Niliona rangi ikimtoka.

"Nani amekufa hapa?" ofisa aliuliza.

"Mwalimu Paulin," Zihindula alisema kwa sauti ndogo.

"Na huyu?"

Wimbo uliendelea, lakini nyuso zote zilikuwa zimemgeukia Zihindula. "Huyu ni ndugu yake," alisema. "Wanafanana sana. Hata sisi tunachanganya."

"Ni kweli," Kasereka akasema kutoka kwenye kiti chake kizuri. "Mimi pia ni ndugu yao."

Ofisa alilitazama rundo la mawe. "Mbona hamukumupeleka makaburini?"

"Kwenye risasi?" Béata alimjibu bila kusimama. "Ungetubebea wewe?"

Nilifikiri hapo ndipo tumekwisha. Lakini kijana yule alivua kofia. Askari wake waliingia nyumbani, nikawasikia wakiinua godoro, wakiangalia chini ya kitanda ambapo sakafu ilikuwa imebaki na mistari mirefu ya vumbi. Walitoka mikono mitupu. Ofisa alimgusa Paulin begani. "Pole, muzee. Jikaze." Paulin alizidi kulia. Wakaondoka.

Wimbo ulikatika katikati ya neno. Wanawake wawili watatu walianza kucheka chinichini, kicheko kile cha mtu aliyekoswa na gari. Béata hakucheka. Aliokota sinia lake, akalikung'uta mchanga.

"Kule Lac Vert niko na watoto wawili chini ya mawe kama haya," aliniambia. "Niliweka kwa mkono wangu. Nilipoona yako nilisema, huyu hatalia peke yake kama mimi."

Nina maneno mengi, kila mtu dukani anajua. Siku ile nilitafuta moja nikalikosa. Nilisema tu, "Béata." Alingoja kidogo aone kama kuna la pili. Kisha akaenda kwake.

Jioni Zihindula alirudi, safari hii kwa mlango wa nyuma. Alikaa ukingoni mwa kiti.

"Mwalimu, ninafurahi uko muzima. Lakini mimi nimesema umekufa, na wameandika. Siwezi kurudi kwao kusema umefufuka. Watauliza basi chini ya mawe kuna nani."

"Tutaondoa mawe," Paulin alisema. "Nizitoe tu, nizipanguse, nizipeleke pahali pengine."

"Ukiondoa mawe, kaburi liko wapi? Jirani mumoja akisema neno, tumekwisha, mimi na wewe." Aliniangalia kwanza, halafu Paulin. "Nyumba iko na kaburi moja na wanaume wawili: wewe mwenye kufa, na huyu ndugu tuliyemutunga, mwenye kuishi. Chagua ni nani anakaa chini ya mawe."

Alipoondoka, Paulin alisema yule mzee amechanganyikiwa. Nikamwambia mbona mimi nimemwelewa.

"Unataka nizikwe?"

"Ninataka ukae hapa unapokaa sasa. Lile rundo likifunguka, wanakuchukua. Mimi nimeshakulilia mara moja. Nimejua kunavyokuwa."

Siku zilizofuata alikaa ndani, jina lake likiwa la ndugu ambaye hakuwahi kuzaliwa. Watu wa mtaa walimsalimia hivyo kwa uso mkavu, "Habari, ndugu ya marehemu," na wengine walimpa pole. Alikuwa anasimama kwenye mlango wa jiko akiliangalia rundo.

Kisha mvua ikaja, mvua ya Goma yenyewe, inayopiga mabati mpaka hamsikilizani. Paulin alisimama palepale mlangoni.

"Maji yanaingia," alisema.

"Yanaingia."

"Hazitafika mwezi wa sita, zitakuwa kutu."

"Hazitafika."

Akatoka. Hakuchukua hata gunia la kujifunika. Nilimwona anachuchumaa upande ule wa mawe makubwa, anainua moja kwa mikono miwili, analishikilia kwenye magoti. Ng'ambo ya ukuta Béata alikuwa ametoka kuweka ndoo zake chini ya mfereji wa bati. Naye alimwona, akaacha ndoo, akasimama kwenye mvua akiangalia. Ningeweza kumwita Paulin kutoka pale nilipokuwa. Sikumwita. Nilikuwa sijui ninataka afanye nini, na mtu akiniuliza leo nitajibu vilevile.

Alikaa na jiwe mpaka shati likamganda mgongoni. Halafu akalirudisha, akalisukumasukuma mpaka likakaa vizuri, akatafuta lingine dogo akaziba pengo la pembeni. Alirudi ndani akitiririka maji, akaomba shati kavu.

Nilimpa. Sijui kama alifanya vile kwa ajili yangu, au kwa ajili ya Béata aliyekuwa anamtazama, au kama alikuwa anazifunika vyema ili siku moja azifuate. Alivaa shati, akafunga vifungo vyote mpaka shingoni, na kwa sauti ya mtu anayeuliza habari za kawaida akaniuliza kwetu tunasema nini kwa mama aliyezika watoto wawili, maana alitaka kwenda kwa jirani na hakujua aanze na neno gani.

"Na mimi sijui," nikamwambia. "Twende wote."